Kuosha Matofali na Zege kwa Mashine ya Presha: Kanieneo, Chumvi na Asidi Kazini

Utangulizi

Nyumba mpya ikikamilika, ukuta wake mara nyingi bado ni mchafu. Saruji imerukia matofali, sakafu ya zege ya nje ina matope, na baada ya mvua za kwanza unga mweupe hujitokeza ukutani. Mwenye nyumba anataka kuhamia. Anamwita kijana wa kuosha magari aje na mashine yake ya presha. Kazi inaisha kwa saa moja, doa limetoka, lakini uso wa tofali umechimbika na saruji ya viungo imeliwa. Hasara hiyo hairudi nyuma, kwa sababu tofali lililochunika haliwezi kurudishiwa ngozi yake.

Makala hii inaeleza kwa nini hali hiyo hutokea na namna ya kuiepuka. Inaunganisha mada mbili: kanieneo katika fizikia, na asidi, besi na chumvi katika kemia. Jambo la kushika ni hili: tambua kwanza doa ni kitu gani, kisha tumia nguvu ndogo kuliko zote inayotosha kuliondoa.

1. Kanieneo cha mkondo wa maji

Kanieneo ni kani inayotenda kwenye kila eneo la kipimo kimoja.

Kanieneo = Kani ÷ Eneo (P = F/A)

Kizio chake ni paskali (Pa), yaani nyutoni moja kwa mita moja ya mraba. Mashine nyingi za kuoshea magari husukuma maji kwa baa 100 hadi 150. Baa 1 ni Pa 100,000, hivyo baa 100 ni Pa 10,000,000. Hiyo ni takriban mara 100 ya kanieneo cha hewa kwenye usawa wa bahari.

Maji yakitoka kwenye nozeli, kanieneo kilichokuwa ndani ya mpira hugeuka kuwa mwendo wa kasi. Mkondo unapogonga ukuta, maji husimama ghafla, na badiliko hilo la momenta ndilo linalotoa kani juu ya tofali. Kani hiyo ikikusanyika mahali padogo, ukuta huumia. Ikisambaa mahali papana, ukuta husalimika.

Mfano: Mkondo wa maji unagonga ukuta kwa kani ya N 20. Tafuta kanieneo ukutani iwapo mkondo umegusa eneo la (a) cm² 2 (b) cm² 10.

Jibu:
(a) A = 2 × 0.0001 = m² 0.0002; P = 20 ÷ 0.0002 = Pa 100,000
(b) A = 10 × 0.0001 = m² 0.001; P = 20 ÷ 0.001 = Pa 20,000

Kani ni ileile, lakini kanieneo kimepungua mara tano.

Zingatia: Watahiniwa wengi hupoteza alama kwa kusahau kubadili sentimita za mraba kuwa mita za mraba. cm² 1 = m² 0.0001, wala si m² 0.01.

Fundi anaweza kupunguza kanieneo kwa njia mbili bila kugusa injini. Ya kwanza ni kubadili nozeli. Nozeli ya nyuzi 0 hutoa mkondo mwembamba kama msumari, ya nyuzi 15 hutoa feni nyembamba, ya nyuzi 40 hutoa feni pana. Ukisimama sentimita 30 kutoka ukutani, feni ya nyuzi 15 ina upana wa karibu sentimita 8, na ya nyuzi 40 ina upana wa karibu sentimita 22. Njia ya pili ni kurudi nyuma, kwa kuwa kadiri nozeli inavyokuwa mbali ndivyo mkondo unavyotanuka.

2. Kwa nini tofali na zege huumia

Tofali la kuchoma hupata ugumu wake tanurini. Katika tanuri za kuni, matofali ya katikati huiva vizuri, ya pembeni mara nyingi hayaivi sawasawa. Gonga matofali mawili pamoja. Yaliyoiva hulia kama chuma. Mabichi hutoa sauti nzito ya udongo. Tofali lisiloiva huoshwa kwa brashi na maji ya kawaida tu, si kwa mashine.

Zege na saruji ya viungo hupata nguvu polepole. Saruji haikauki tu kama nguo juani: hutendana na maji, na mtendano huo huendelea kwa majuma kadhaa. Ndiyo maana wahandisi hupima nguvu ya zege siku ya 28. Kuliosha zege kwa presha kabla ya hapo ni kung'oa mchanga ambao haujashikwa vizuri.

3. Unga mweupe ukutani ni nini?

Watu husema "ukuta unatoa chumvi," na wanasema kweli. Ila zipo aina mbili, na kila moja ina tiba yake.

Aina ya kwanza ni chumvi zinazoyeyuka katika maji, kwa mfano salfeti ya sodiamu. Hutoka katika udongo wa tofali, mchanga au maji ya kujengea. Maji ndani ya ukuta huziyeyusha na kuzibeba hadi nje. Maji yakivukiza, chumvi hubaki juu. Ukiiosha chumvi hii kwa mashine, unaiyeyusha upya na kuisukuma ndani, na ukuta ukikauka itarudi. Tiba yake ni kuacha ukuta ukauke, kisha kuifagia kwa brashi kavu.

Aina ya pili huanzia katika saruji. Saruji ikitendana na maji hutoa kalsiamu hidroksidi, ambayo ni besi. Ikifika juu ya ukuta hukutana na kabonidioksidi ya hewani:

Ca(OH)₂ + CO₂ → CaCO₃ + H₂O

Kalsiamu kabonati haiyeyuki katika maji, hivyo maji matupu hayaiondoi hata ukiongeza presha. Huu ndio mtendano uleule unaofanya maji ya chokaa yageuke meupe unapopima kabonidioksidi maabara.

4. Asidi: msaada wenye meno

Kabonati na mabaki ya saruji huondolewa kwa asidi hidrokloriki iliyozimuliwa, kwa mfano sehemu 1 ya asidi kwa sehemu 10 za maji:

CaCO₃ + 2HCl → CaCl₂ + H₂O + CO₂

Povu linaloonekana ni gesi ya kabonidioksidi. Lakini asidi haichagui. Saruji ya viungo nayo ina misombo ya kalsiamu, hivyo asidi ikizidi hula viungo. Zege nalo ni saruji. Asidi hulichuna uso. Ikigusa dirisha la chuma, mtendano ni huu:

Fe + 2HCl → FeCl₂ + H₂

Maji yenye chuma hicho yakichuruzika ukutani huacha doa la kutu, baya kuliko lile la mwanzo.

Utaratibu sahihi ni huu:

(i) Jaribu kwanza mahali padogo pasipoonekana.
(ii) Lowesha ukuta kwa maji safi. Matundu ya tofali yakijaa maji, asidi hubaki juu badala ya kunyonywa ndani.
(iii) Paka asidi iliyozimuliwa juu ya doa tu, kwa brashi, kwa dakika chache.
(iv) Suuza kwa maji mengi kuanzia juu kwenda chini, kwa feni pana na presha ndogo.

5. Usalama

Unapozimua, mimina asidi ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi, kwani joto linalotoka huweza kuirusha asidi usoni. Vaa miwani, glavu za mpira na buti. Usichanganye asidi na dawa ya klorini ya kufulia. Hutoka gesi ya klorini, ambayo ni sumu:

NaOCl + 2HCl → NaCl + H₂O + Cl₂

Mkondo wa mashine nao unaweza kutoboa ngozi na kuingiza maji na uchafu mwilini. Kidonda huonekana kama tundu dogo, lakini madhara ya ndani ni makubwa. Aliyechomwa na mkondo huo apelekwe hospitali mara moja, hata kama haumii sana.

Maswali ya kujipima

1. Mkondo wa maji wenye kani ya N 24 umegusa ukuta kwenye eneo la cm² 3. Fundi akarudi nyuma hadi eneo likawa cm² 12. Kokotoa kanieneo katika kila hali, ukichukulia kani haikubadilika.
2. Eleza kwa nini kuongeza presha ya maji hakuondoi kalsiamu kabonati ukutani.
3. Kwa nini ukuta huloweshwa kabla ya kupakwa asidi?
4. Chumvi nyeupe imeoshwa kwa mashine, na baada ya juma moja imerudi. Ilikuwa ya aina gani? Toa sababu.

Mwongozo wa majibu

1. Pa 80,000 na Pa 20,000.
2. Haiyeyuki katika maji. Presha kubwa itaumiza tofali kabla ya kuondoa doa.
3. Maji hujaza matundu na kuzuia asidi kunyonywa ndani.
4. Inayoyeyuka katika maji. Ilirudi ndani ya ukuta pamoja na maji, ikatoka tena maji yalipovukiza.