NGAZI ISIYOONYESHWA



Mithali ya wazee wetu yasema kuwa mchumia juani hulia kivulini. Ni mithali ya kweli, na hapana mzazi asiyemfundisha mwanawe. Lakini wapo pia walao kivulini vitu alivyovichuma babu yao juani. Kula huko si haramu wala si aibu, maana mali ya urithi ni halali ya mrithi. Aibu huanza pale mlaji anapotoka na kuwaambia wenziwe waliomo juani kuwa mti ule wa kivuli aliupanda mwenyewe, na kuwa wao hawana kivuli kwa sababu ya uvivu wao tu.

Jambo hili ndilo tutakalo kulieleza leo kwa khabari ya vijana wasomi waitwao washawishi wa mitandao. Hawa ni vijana wamalizao chuo kikuu, kisha wakajipiga video za maisha yao na kuwaonyesha watu maelfu kwa malaki: asubuhi nyumba yenye dirisha pana, mchana kazi ya heshima, jioni chakula cha mkahawani, na mwisho wa mwezi safari ya ng'ambo. Aghalabu mwisho wa video huja nasaha: nami nilianza kama wewe, amka mapema, jitahidi, nawe utafika. Vijana wetu wa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam huzitazama video hizo hizo katika simu zao. Kwa hivyo, ijapokuwa visa tutakavyovitaja vimetokea Uingereza na Uchina, madhara yake si ya mbali na nyumba zetu.

SAA 24 ZA NANI?

Mwezi wa Desemba 2021 binti mmoja wa Kiingereza, Molly-Mae Hague, aliyekuwa na umri wa miaka 22, alihojiwa na Steven Bartlett katika kipindi chake kiitwacho The Diary of a CEO. Binti huyu alipata jina mwaka 2019 katika mchezo wa televisheni uitwao Love Island, na mwaka 2021 kampuni ya nguo ya PrettyLittleThing ikampa cheo cha mkuu wa ubunifu. Yeye si mhitimu wa chuo kikuu, lakini neno alilolisema ndilo walisemalo washawishi wengi waliohitimu. Alisema, kwa maana, kuwa watu wote tuna saa 24 zilizo sawa kila siku, na kuwa atakaye jambo kwa dhati ya moyo wake hulipata.

Mwezi wa Januari 2022 kipande hicho kilienea mitandaoni, na watazamaji wakaghadhibika mno, hata yeye mwenyewe akatoka kuwaomba radhi waliochukizwa. Kwa nini neno dogo kama hili liliwachoma watu? Kwani si kweli kuwa siku ina saa 24?

Natupige hesabu. Tuchukue, kwa mfano tu, vijana wawili waliomaliza chuo kimoja cha London mwaka mmoja, kwa shahada moja. Wote hulala saa 8 na kufanya kazi saa 8, na kila mmoja hubakiwa na saa 8. Wa kwanza akaa katika nyumba aliyonunuliwa na wazazi wake karibu na kazini: nusu saa ya njiani, saa moja u nusu ya kupika na kufua, na saa 6 zabaki mikononi mwake. Wa pili amepanga chumba mbali na mji: saa 3 za kwenda na kurudi, saa 3 za kazi ya pili ya jioni ili kodi itimie, saa moja u nusu ya kupika na kufua, na nusu saa yabaki. Katika mwaka wa siku 250 za kazi, wa kwanza amepata saa 1,500 za kujifunza, kupiga video na kuanzisha biashara. Wa pili amepata saa 125. Siku zao zimelingana, ama saa walizo na mamlaka nazo hazilingani kabisa. Sasa wa kwanza akimwambia wa pili kuwa sote tuna saa 24, amesema kweli ya jua kuchomoza na kuchwa, wala hakusema kweli ya maisha.

BABU ALIYEITWA KUTOA USHAHIDI

Msidhani kuwa kila afichaye ngazi aliyopandia hufanya hivyo kwa hila. Mwaka 2021 wataalamu watatu wa elimu ya jamii, Sam Friedman, Dave O'Brien na Ian McDonald, walitoa utafiti wao katika jarida la Uingereza liitwalo Sociology. Walikuwa wamewahoji watu 175 wenye kazi za heshima, kama vile wahasibu, wasanifu wa majengo, waigizaji na watu wa televisheni. Kati ya hao walipatikana watu 36 waliojiita watoto wa wafanyakazi wa kawaida, ijapokuwa wazazi wao wenyewe walikuwa na kazi za cheo. Walipoulizwa asili yao waliruka khabari za baba na mama wakaenda moja kwa moja kwa babu: babu aliyefanya kazi ngumu, bibi aliyelea watoto kwa taabu. Kwa kisa cha babu wakajiona nao wamepanda kutoka chini, na kuwa kila walichokipata ni jasho lao wenyewe.

Huu ni udhaifu wa nafsi ya binadamu. Mtu huyakumbuka matope aliyoyakanyaga, na kuusahau mkono uliomshika asianguke. Lakini mkono huo upo, na hesabu zake zajulikana. Mwaka 2019 taasisi ya Sutton Trust, pamoja na tume ya serikali ya Uingereza inayoangalia kupanda kwa watu katika jamii, zilichunguza walikosoma wakubwa wa nchi ile. Ilionekana kuwa kiasi cha asilimia 7 tu ya watu walisoma shule za kulipia, ilhali katika majaji wakuu waliosoma shule hizo walikuwa asilimia 65, na katika waandishi wa makala za maoni magazetini asilimia 44. Je, tuseme kuwa akili na bidii vimegawanywa kwa watoto wa shule za kulipia, wengine wakanyimwa?

Kwa Waislamu wa nchi ile ngazi hii ina kipago kingine. Ada ya chuo kikuu katika Uingereza iliruhusiwa kufika pauni 9,000 kwa mwaka tangu 2012, na mwaka 2025 kiwango kikapandishwa hadi pauni 9,535. Kwa kiwango hicho masomo ya miaka 3 ni pauni 28,605 kabla ya chakula na malazi. Wanafunzi wengi hulipa kwa mkopo wa serikali, nao una riba. Basi kijana mwenye kuicha riba hubaki na njia chache: aingie kazini ili ajilipie, au aahirishe masomo, au alipiwe na jamaa. Mwaka 2014 Serikali iliwauliza watu maoni juu ya mpango usio na riba, na mwaka 2017 Bunge likapitisha sheria ya kuuruhusu, lakini miaka mingi ikapita pasina mpango wenyewe kuanza. Vijana wawili wa Kiislamu, wote wachaji, wote wenye akili, mmoja hulipiwa na baba yake fedha taslimu, na mwenziwe hukaa nje ya mlango. Miaka kumi baadaye huyo wa kwanza akisema kuwa alifika kwa bidii tu, amemdhulumu nduguye kwa ulimi.

UBAHARIA NA UNAHODHA

Wala msidhani kuwa maradhi haya ni ya watoto wa matajiri peke yao. Uchina yuko mtu aitwaye Li Jiaqi, aliyesomea sanaa ya kucheza dansi katika Chuo Kikuu cha Nanchang, kisha akawa muuzaji wa vipodozi dukani. Kwa kuuza bidhaa mbele ya kamera alitajirika sana, hata akaitwa mfalme wa rangi ya midomo. Mwezi wa Septemba 2023 alikuwa akiuza kalamu ya wanja wa nyusi kwa yuan 79, na mtazamaji mmoja akanung'unika kuwa bei imepanda. Yeye akamjibu, kwa maana, kuwa bei ni ile ile ya miaka yote, na kuwa mtu ajiulize kama mshahara wake umepanda na kama amefanya kazi kwa bidii.

Neno hilo lilitoka katika wakati mbaya. Mwezi wa Juni mwaka ule ule, kwa takwimu za serikali ya Uchina, katika vijana wa mijini wa umri wa miaka 16 hadi 24 waliokuwa wakitafuta kazi au kufanya kazi, asilimia 21.3 hawakuwa na kazi, na mwezi wa Agosti serikali ikasimamisha kwa muda kuitangaza hesabu hiyo. Mwaka huo wahitimu wa vyuo walitazamiwa kufika milioni 11.58. Watu hao ndio waliokuwa wakinunua kwake, nao ndio waliomfanya tajiri. Kwa muda mchache zaidi ya wafuasi milioni moja wakamwacha, naye akaomba radhi kwa machozi, akikumbusha kuwa yeye mwenyewe alianzia kwenye meza ya duka.

Wazee walinena: usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Li Jiaqi hakuwa na baba wa kumnunulia nyumba, lakini alipanda katika miaka ambayo biashara ya namna ile ilikuwa changa na mlango u wazi. Wakati mzuri nao ni ngazi, na aliyepandia wakati hapaswi kumlaumu aliyekuta mlango umefungwa.

HADIYA YA KAMPUNI NA HADIYA YA BABA

Katika Uingereza mshawishi aliyepewa fedha au bidhaa na kampuni ili aisifu, kanuni zamlazimisha aandike wazi kuwa hili ni tangazo. Wengi hawatimizi. Mwezi wa Machi 2021 mamlaka ya kuangalia matangazo ya nchi ile ilitoa khabari ya uchunguzi wake juu ya washawishi 122. Ikaonekana kuwa katika matangazo yao ni asilimia 35 tu yaliyoandikwa wazi. Hata hivyo kanuni ipo, na sababu yake ni njema: mtazamaji ana haki ya kujua nani amelipa.

Basi hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Hadiya ya kampuni yapasa kutajwa, ama hadiya ya baba haitajwi. Mafuta ya nywele yaliyotolewa bure huandikwa tangazo, lakini nyumba iliyotolewa bure, ada iliyolipwa, na kazi ya kwanza iliyopatikana kwa rafiki wa mjomba, hivyo vyote huitwa bidhaa ya bidii. Watazamaji hawakasirikii utajiri, maana utajiri walikuwa wakiutazama kila siku kwa furaha. Hukasirikia kuuziwa dawa isiyotajwa kiungo chake kikubwa, kisha isipowaponya wakaambiwa kuwa hawakuinywa sawasawa.

Na kusema kweli hakumpunguzii mtu heshima. Vee Kativhu, binti aliyezaliwa Zimbabwe akahamia Uingereza, aliingia Chuo Kikuu cha Oxford kwa mwaka wa matayarisho, mpango ulioanzishwa na Lady Margaret Hall mwaka 2016 kwa vijana wenye akili ambao hali zao ziliwazuia. Baadaye alisoma Harvard. Yeye katika video zake alikitaja chuo, akautaja mpango, akaeleza jinsi ya kuomba. Huyu ameonyesha paa, na ameonyesha ngazi pia.

NENO KWA WATAZAMAJI NA KWA WAZAZI

Lakini haki ni kulipima jambo pande zote mbili. Wapo watazamaji ambao ghadhabu yao si kutaka kweli, bali ni husuda. Humtukana binti wa watu, na kuombea neema imwondokee. Katika Sura ya Al-Qasas twasoma khabari za Qaruni, aliyedai kuwa mali yake aliipata kwa elimu yake mwenyewe, na twasoma pia khabari za wale waliomtazama alipotoka katika mapambo yake wakatamani wangekuwa kama yeye. Kisa kile kinawaonya wote wawili: mwenye kujisifu kwa alichopewa, na mwenye kukodoa macho.

Enyi vijana, mtazamapo video ya mwenzenu aliyefanikiwa, jiulizeni maswali matatu: nani alilipa ada, nani analipa kodi ya nyumba, na nani alimfungulia mlango wa kwanza? Msipoyapata majibu, msijihukumu kwa kipimo cha maisha yake, maana mmeonyeshwa faida pasipo kuonyeshwa mtaji. Wala msiyafanye maneno haya kuwa mto wa kulalia. Bidii ni wajibu wa kila mtu, na asiye na ngazi ana haja ya bidii zaidi.

Nanyi mliojaaliwa, semeni: baba alinilipia, shangazi alinikaribisha nyumbani kwake, mwalimu fulani aliniandikia barua. Huko ni kushukuru, na mwenye kushukuru watu hupunguza mzigo wa aliyeshindwa.

Ama wazazi, msimwambie mwana aliyekaa mwaka mmoja pasina kazi: mtazame mwana wa fulani. Huenda mwana wa fulani ana ngazi ambayo nyinyi hamkuiweka. Neno hilo likirudiwa kila jioni mezani, kijana hukata tamaa ya nafsi yake, na wengine hukimbilia kamari na mikopo ili waonekane kuwa nao wamefika. Keti naye, mhesabu pamoja mlicho nacho na msicho nacho, kisha mtafute kipago cha kwanza ambacho mguu wake waweza kukifikia. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wakweli wa yale tuliyopewa.