Damu ya mtoto ikichelewa njiani

Mzazi akipigiwa simu arudi kituoni kwa sababu "sampuli imekataliwa", mawazo hukimbilia mbali: labda ugonjwa ni mkubwa, labda wameipoteza. Sababu inaweza kuwa ya kawaida kabisa. Damu ilikaa mno kabla ya kufika kwenye mashine.

Damu iliyomo kwenye kichupa bado ina uhai. Seli zake huendelea kula sukari, na isipotenganishwa, sukari hiyo hupungua kwa takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa, na kwenye joto hupungua haraka zaidi. Ndiyo maana mtoto mwenye malaria kali hutobolewa kidole na kupimwa sukari palepale kitandani. Vimelea vya malaria navyo hubadilika umbo ndani ya kichupa. Mtaalamu akiweka kwenye hadubini jioni damu iliyotolewa asubuhi, anaweza kushindwa kusema ni vya aina gani.

Kwa kipimo cha wingi wa virusi vya Ukimwi, damu inatakiwa itenganishwe ndani ya saa 24 tangu ilipotolewa, ikiwa kwenye nyuzi joto zisizozidi 25. Katika mkoa wa Dodoma huo ni mtihani. Kutoka Kondoa hadi mjini ni kama kilomita 160, na zipo zahanati zilizo mbali zaidi ya barabara ya lami. Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, jua la mchana hupita nyuzi 30. Saa zikipita, seli hupasuka na kumwaga vinasaba vya virusi vilivyokuwa ndani yake, hesabu ikapanda. Au vinasaba vya virusi vyenyewe vikaharibika, ikashuka. Kwa mtoto anayetumia ARV, tofauti hiyo inaweza kumfanya daktari adhani dawa zimeshindwa, au asione kwamba zimeshindwa.

Friji nayo si jibu la kila kitu. Damu ya kuotesha bakteria, ile inayochukuliwa mtoto akishukiwa kuwa na maambukizi kwenye damu, haiwekwi kwenye baridi, kwa kuwa baadhi ya bakteria hufa na majibu yakaonyesha hakuna kitu. Chupa yake inapaswa kufika maabara mapema, ikiwezekana ndani ya saa 2, na damu ichukuliwe kabla ya antibayotiki ya kwanza. Mzazi aliyempa mtoto dawa za dukani aseme, hata kama anaona aibu.

Kwa watoto wachanga waliozaliwa na mama mwenye VVU, njia iliyopunguza tatizo ni karatasi. Matone machache ya damu ya kisigino hudondoshwa kwenye karatasi maalumu, hukaushwa kwa saa kadhaa bila kuanikwa juani, kisha hufungwa kwenye mfuko usiopitisha unyevu. Ikikaushwa vizuri, damu hiyo husafiri kwa siku kadhaa bila barafu. Robert Guthrie wa Marekani alianza kutumia karatasi ya namna hiyo kupima watoto wachanga miaka ya 1960, kwa ugonjwa mwingine kabisa.

Lakini karatasi inaweza kusubiri, mtoto hawezi. Bila matibabu, karibu theluthi ya watoto wenye VVU hufariki kabla ya kutimiza mwaka, na nusu kabla ya miaka 2. Kipimo cha kingamwili hakimsaidii mtoto wa chini ya miezi 18, kwani kinaweza kuonyesha kingamwili za mama. Karatasi ndiyo tegemeo, na wiki ya 6 anapopelekwa chanjo ndiyo nafasi yake.

Kwa hiyo, fika kliniki asubuhi, kabla sampuli za siku hazijaondoka. Muulize muuguzi zinaondoka siku gani na majibu yanatarajiwa lini. Familia inayohamia shambani msimu wa kilimo iandikishe kwenye fomu namba ya simu ya mtu atakayebaki nyumbani.