Mahjub, Askari Aliyekwenda Berlin Kudai Mshahara

Mwaka 1929 mhudumu mmoja wa meli alifika Berlin na kuwasilisha madai yake katika Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani. Alidai mshahara wa Vita Kuu ya Kwanza, wake na wa baba yake, ambao haukuwa umelipwa tangu bunduki ziliponyamaza mwaka 1918. Alikuwa kijana wa miaka 25, mzaliwa wa Dar es Salaam. Vita aliyoidai mshahara aliipigana akiwa mtoto. Wakamjibu kwamba amechelewa.

Alikuwa Mahjub bin Adam Mohamed, na Ujerumani alijulikana zaidi kama Bayume Mohamed Husen. Mimi ni mwalimu wa historia hapa Ulemo, wilayani Iramba, na kila nikifika kwenye vita ile humtanguliza yeye, majenerali wakafuata baadaye.

Kwanza ujue ametoka wapi. Alizaliwa tarehe 22 Februari 1904, baba yake akiwa Msudani katika jeshi la Wajerumani. Wasudani hawakufika huku kwa bahati. Mwaka 1889, Abushiri bin Salim alipokuwa ameitia pwani moto, Hermann von Wissmann, aliyetumwa na Wajerumani kumzima, alikwenda Cairo kuajiri askari waliokuwa wamebaki bila kazi baada ya kutumikia jeshi la Misri. Alirudi na takriban 600, na wengine akawachukua Msumbiji. Wakawa uti wa mgongo wa jeshi la koloni, wakaoa, wakajenga, wakazaa watoto ambao lugha yao ya kwanza ilikuwa Kiswahili. Baba yake Mahjub alipanda hadi cheo cha efendi. Juu ya soli, shaushi na ombasha, efendi ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko Waafrika wote jeshini, na bado Mzungu yeyote mwenye cheo alikuwa juu yake.

Siwezi kuwaficha wanafunzi wangu askari hao walifanya nini. Boma la Mkalama, huku kwetu, lilikuwa lao. Ndio waliosimamia kodi, ndio waliowalaza watu chini na kuwachapa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano, na kusini, katika Vita vya Maji Maji, walichoma maghala ya chakula hadi njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Mwaka jana msichana mmoja aliniuliza kwa nini basi tumsikitikie mtoto wa efendi. Swali lake ni halali. Nilimjibu kwamba vita ilipoanza, Agosti 1914, huyo mtoto wa efendi alikuwa na miaka 10.

Kabla ya hapo alikuwa karani katika kiwanda cha nguo huko Lindi, kwa kuwa Kijerumani alikwisha kukijua. Yeye na baba yake wakaingia jeshini pamoja. Mtoto akawekwa kwenye mafunzo ya ishara: kupeleka habari kwa bendera, au kwa vioo vilivyomulika jua kutoka kilima hadi kilima. Kazi hiyo ilimtaka mtu asimame mahali pa wazi, mahali anapoonekana.

Kwa miaka minne Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, aliwakimbiza Waingereza, Wahindi, Waafrika Kusini na Wabelgiji nchi nzima. Hata Iramba haikusalimika. Mwaka 1917 kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Naumann, kilichokuwa kimechomoka kutoka jeshi kuu, kilipita kaskazini na kulizingira boma la Mkalama, ambalo wakati huo lilikuwa mikononi mwa Waingereza. Wazee wa hapa huita miaka ile Vita vya Mjerumani. Wanachokumbuka zaidi ni upagazi: wanaume kukamatwa, kufungwa kamba, kubebeshwa mizigo ya jeshi na kutorudi. Kwa pande zote, wapagazi katika vita ya Afrika Mashariki walipindukia milioni moja, na waliokufa kwa njaa, kuhara na malaria ni wengi mno kuliko waliouawa kwa risasi. Ninapomweleza Mahjub, sikubali hao wasahauliwe.

Oktoba 1917, kwa siku nne, majeshi yalikutana Mahiwa, nyuma ya Lindi. Ilikuwa mojawapo ya siku mbaya kuliko zote katika vita hii. Waingereza, ambao wengi wa askari wao walikuwa Wanaijeria na watu wa King's African Rifles, walipoteza zaidi ya watu 2,000 kati ya 5,000 hivi. Wajerumani walipoteza mamia ambao hawakuwa na wa kuwaziba pengo. Mahjub alijeruhiwa hapo, akaangukia mikononi mwa Waingereza. Alikuwa na miaka 13, umri wa mtoto anayeanza kidato cha kwanza.

Baada ya vita akaishi kwa kazi za melini, na baadaye akawa mhudumu katika meli za Kijerumani zilizopita pwani yetu. Ndipo ikaja safari ya 1929. Madai yalipokataliwa alibaki Berlin, akapata kazi ya kuhudumia wageni Haus Vaterland, jengo kubwa la starehe pale Potsdamer Platz, ambalo kila ukumbi wake ulipambwa kama nchi tofauti. Januari 1933, siku chache kabla Hitler hajashika madaraka, alimwoa Maria Schwandner. Wakapata watoto.

Kazi yake nyingine ndiyo inayonigusa kuliko zote. Alifundisha Kiswahili chuoni Berlin, akiwa msaidizi wa lugha katika taasisi iliyoandaa watu wa kwenda makoloni. Profesa alieleza sarufi, naye akatoa matamshi na mazungumzo. Ujerumani haikuwa tena na koloni hata moja, lakini Wanazi walitaka kuyarudisha, na kwa hilo walihitaji mwalimu wa Kiswahili. Walihitaji pia askari mwaminifu wa kuonyeshwa hadharani. Mahjub akacheza filamu zaidi ya 20. Katika Die Reiter von Deutsch-Ostafrika, ya 1934, alipewa nafasi ya mwanafunzi wa ishara, kazi ileile aliyoifanya akiwa mtoto.

Katika picha zake za miaka hiyo amevaa sare ya askari na medali kifuani. Aliomba serikali impe nishani ya wapiganaji wa mstari wa mbele, wakamnyima. Inaelekea medali alizovaa alizinunua mwenyewe dukani. Wapo watakaomwona kibaraka. Mimi naona mtu aliyeshika karata moja tu, uaskari wake, akiicheza tena na tena mbele ya watu waliokuwa wakibadilisha sheria kila mwaka. Sheria za ubaguzi za Nuremberg za 1935 zilipopita, na Waafrika wakawekwa chini yake, karata hiyo ilibaki ndiyo kinga pekee. Septemba 1939 alijitolea tena kuingia jeshini, wakamkataa.

Filamu yake ya mwisho ilikuwa Carl Peters, ya mwaka 1941. Huyu Peters ndiye aliyeitwa huku Mkono wa Damu. Kilimanjaro aliwanyonga mtumishi wake Mabruk na msichana Jagodja, hadi serikali yake yenyewe ikamfukuza kazi mwaka 1897. Filamu ilimgeuza shujaa, na Mahjub akaigiza kiongozi wake wa njia. Mwaka huohuo alikuwa ameacha chuo, kisha Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, wakamkamata kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mweupe. Hakufikishwa mahakamani. Walimpeleka kambi ya Sachsenhausen, kaskazini mwa Berlin, na huko akafia tarehe 24 Novemba 1944, baada ya miaka mitatu. Alikuwa na miaka 40.

Mwaka 1964, mwaka aliokufa Lettow-Vorbeck, bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari wa zamani waliokuwa bado hai. Malipo yalifanyika Mwanza, na wazee wakajipanga foleni, wengi wao bila hati yoyote. Inasimuliwa kwamba asiye na hati alipewa ufagio badala ya bunduki, akaamriwa kwa Kijerumani, na aliyetii amri sawasawa akahesabiwa askari. Jambo lililoelezwa mwaka 1929 kuwa limepitwa na wakati, likawezekana miaka 35 baadaye.

Mwanahistoria Marianne Bechhaus-Gerst aliandika kitabu juu ya maisha ya Mahjub, na mwaka 2007, mbele ya nyumba ya Brunnenstraße 193 alikoishi, likawekwa jiwe la kumbukumbu lenye bamba la shaba la sentimita 10 kwa 10. Nafurahi kwamba limewekwa. Ila kumbukumbu hiyo ni ya mtu aliyekufa Ujerumani. Ningependa na sisi tumweke katika vitabu vyetu vya kiada, ukurasa uleule wenye Mahiwa: mtoto wa Dar es Salaam aliyepigana akiwa mdogo, aliyefundisha Kiswahili Berlin. Mchapishaji yeyote anayetaka kuandika ukurasa huo, namkaribisha Ulemo. Nina maelezo niliyoandaa kwa ajili ya darasa langu, na nitayatoa bure.