Sanduku la Spika Linapoimba Lenyewe

Kinachoharibu taarabu nyumbani mara nyingi si kanda wala mwimbaji, bali ni sanduku la spika. Mbao nyembamba hutetema besi inapolia, na unyevu wetu wa pwani huivimbisha chipubodi mpaka viungo vikaachana.

Dawa moja ni faiba na rezini, vitu vile vile vinavyofunikiwa mashua. Toa spika na nyaya, kwangua ndani kwa msasa, kisha gundisha kipande cha mbao kutoka ubavu hadi ubavu. Usikiruke kipande hicho. Mara nyingi husaidia kuliko faiba pekee. Ndipo utandaze faiba na kuipaka rezini, ukibana mapovu kwa brashi.

Kilo 1 ya rezini ya poliesta hutaka gramu 10 hadi 20 za dawa ya kugandisha. Joto la mchana huiharakisha, basi koroga kidogo kidogo, asubuhi, isije ikakugandia koponi.

Na jamani, si kazi ya chumbani! Mvuke wake hudhuru kifua na hushika moto. Dawa ile ikirukia jicho yaweza kupofusha. Faiba nayo huwasha kama upupu. Vaa miwani, glavu na mikono mirefu, watoto wakae mbali.

Ikikauka, gonga ubavuni. Likijibu kama ngoma, ongeza tabaka.