Mfupa unaogopa joto kuliko msumeno

GISENYI — Petite Barrière, mpaka mdogo kati ya mji huu na Goma, mtaji wa kwanza ni miguu. Makumi ya maelfu ya watu huvuka hapa, wengi wao akina mama wenye mboga, unga na samaki kichwani. Mmoja wao akigongwa na pikipiki na mguu ukavunjika vibaya, huenda daktari akalazimika kuukata au kuutoboa mfupa ili afunge chuma kwa skrubu. Hapo ndipo linapokuja suala la joto.

Seremala anajua kwamba msumeno butu huunguza mbao. Mfupa nao ni hivyo hivyo. Mwaka 1983, watafiti Eriksson na Albrektsson wa Sweden walionyesha, kwa kupima sungura, kwamba mfupa ukipata joto la nyuzi 47 kwa dakika moja huumia. Hizo ni nyuzi 10 tu juu ya joto la mwili. Sehemu iliyoungua ikifa, skrubu inaweza kulegea na mfupa ukachelewa kuunga. Kwa mchuuzi, hiyo ni miezi ya kukaa nyumbani huku mtaji ukiliwa.

Je, leza ni bora? Leza za zamani za kaboni dayoksaidi ziliweza kuuacha mfupa mweusi kama mkaa. Leza za erbiumu hufanya kazi tofauti: mwanga wake hunywewa na maji yaliyomo ndani ya mfupa, yakageuka mvuke ghafla na kurusha chembe za mfupa kabla joto halijaenea. Roboti CARLO, iliyotengenezwa Basel, Uswisi, hukata mfupa kwa mwanga bila kuugusa. Lakini hata leza hiyo huhitaji kupozwa kwa maji, na kwenye mfupa mnene huwa ya polepole kuliko msumeno.

Jirani zetu wa Uganda walishughulikia tatizo lililo karibu zaidi. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, ambako madaktari walitegemea drili za kuzungusha kwa mkono, ushirikiano na Chuo Kikuu cha British Columbia cha Kanada ulileta drili ya kawaida ya betri, kama zinazouzwa maduka ya vifaa vya ujenzi, ikivikwa mfuko unaosafishwa kwa mvuke wa moto kuua vijidudu na kutumika tena.

Drili hiyo nayo huzalisha joto. Dawa yake si ghali: ncha kali isiyochakaa, maji safi ya chumvi yanayomiminwa wakati wa kukata, na kupumzisha chombo mara kwa mara.

Aliyewekewa chuma upande mmoja wa mpaka na kuishi upande wa pili atunze picha za eksirei na karatasi za upasuaji. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, au kidonda kikitoa usaha, arudi hospitali mapema, kabla hajabeba tena mzigo.