Vinara wa Mwambao: Kwa Baiskeli kutoka Bujumbura hadi Kabonga

Mwaka 1926 waandaaji wa Tour de France waliwapangia waendesha baiskeli adhabu ambayo haijarudiwa hadi leo: kilomita 5,745 kwa hatua 17. Mbelgiji Lucien Buysse ndiye aliyeibuka mshindi. Ukigawa, wastani wa kila hatua ulikuwa kilomita 338, na hatua mbili za namna hiyo zinatosha kulimaliza Ziwa Tanganyika kwa urefu, kuanzia linakoingia mto Rusizi hadi Mpulungu, Zambia.

Nimeanza na hesabu hiyo kwa makusudi. Wapenzi wa baiskeli hukariri rekodi za Ufaransa, vijiji vyake vya mawe na mashamba ya mizabibu, huku barabara ya taifa namba 3 ya Burundi, ile inayotoka Bujumbura kwenda Rumonge na Nyanza-Lac, ikipita kando ya vinara kadhaa vya dunia bila mtu kupiga hata kengele. Basi tuviorodheshe, na kipimo chetu kiwe baiskeli.

Jirani mkubwa kuliko wote

Ziwa liko upande wa kulia karibu safari nzima ukienda kusini. Ndilo refu kuliko maziwa yote ya maji baridi duniani. Kwa kina limezidiwa na Baikal la Urusi peke yake: Tanganyika hufika mita 1,470 pale lilipo na kina kikubwa zaidi. Kwa kuwa uso wake uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, sakafu yake imezama karibu mita 700 chini ya bahari yenyewe. Mwendesha baiskeli haoni chochote kati ya hayo. Anaona maji tulivu, mitumbwi, na ndagala walioanikwa wakikauka.

Jirani huyu ana hasira pia. Miaka ya karibuni maji yamepanda na kuingia katika baadhi ya mitaa ya Rumonge, na upande wa pili wa barabara milima hushuka ghafla hadi kwenye lami. Machi 2015 maporomoko ya udongo yalilikumba eneo la Gitaza na kuikata barabara. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za kukarabati kipande cha Rumonge hadi Gitaza, kilomita 45, pamoja na barabara ya Kabingo, Kasulu na Manyovu upande wa Tanzania. Nikiulizwa barabara gani ya Afrika Mashariki imebanwa vibaya zaidi kati ya maji na mlima, nitaitaja hii kabla swali halijaisha.

Jiwe lenye kudanganya zaidi

Hujatoka jasho bado, kilomita kumi na kitu kutoka Bujumbura, unafika Mugere. Hapo kuna jabali lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Wageni wengi hupiga picha wakidhani ndipo wawili hao walipokutana mara ya kwanza. Sivyo. Walikutana Ujiji, kisha wakapanda mtumbwi kuja kaskazini pamoja, wakitaka kujua kama Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Walikuta unaingia, na dhana ya kwamba Tanganyika ndilo linaloulisha mto Nile kwa njia hiyo ikafa. Kwa maoni yangu, habari hiyo ya mto ni kubwa kuliko ya kupeana mikono.

Rumonge nayo ina la kwanza lake. Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Mfaransa Lavigerie, walifungua hapo mwaka 1879 misheni ya kwanza ya Kikatoliki katika Burundi. Haikudumu: Mei 1881 wamisionari watatu waliuawa hapo hapo. Wakati huo wafanyabiashara waliotoka pwani kupitia Ujiji walikuwa wamekwisha kuujua mwambao huu, na Kiswahili unachokisikia leo sokoni Rumonge kina mizizi katika njia hizo za zamani.

Mzigo mzito kuliko mpanda

Hapa ndipo penye rekodi zenyewe, na hazina refa.

Shirikisho la baiskeli duniani halikubali baiskeli ya mashindano iliyo chini ya kilo 6.8, na mafundi wa Ulaya hukesha wakitafuta namna ya kukaribia mstari huo. Rumonge ni nchi ya michikichi. Dumu la lita 20 la mawese lina uzito wa kama kilo 18. Funga matano tu kwenye karia na umepakia kilo 90, juu ya baiskeli ya chuma isiyo na gia ambayo yenyewe si nyepesi. Ongeza joto la kando ya ziwa, ongeza kona za Minago, halafu mletee mtu huyo habari za baiskeli ya kilo 6.8 uone atakavyocheka.

Ufundi uko kwenye kufunga. Mipira ya ndani ya tairi hukatwa kuwa kamba ndefu, ikavutwa hadi ikaribie kukatika, kwa sababu dumu likicheza kidogo tu kwenye kona, baiskeli yote hufuata. Mzigo unapangwa ili uzito ukae chini na katikati; ukiuweka nyuma sana gurudumu la mbele linanyanyuka na usukani unakuwa pambo. Penye kilima mpanda hushuka na kusukuma, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye mzigo. Wapo watakaosema kusukuma si kuendesha. Mimi nasema ni nusu ya kazi, na ndiyo nusu ngumu.

Tangu uhaba wa petroli uikabe Burundi, chombo hiki kisichopanga foleni kituoni kimezidi kuheshimiwa, ingawa heshima hiyo ina mipaka: Machi 2022 serikali ilipiga marufuku pikipiki, bajaji na baiskeli za abiria katikati ya Bujumbura.

Mteremko wa kutisha kuliko yote

Huu hauko mwambaoni, lakini mwambao ndio unaoupokea. Barabara ya taifa namba 1 hupanda kutoka Bujumbura hadi Bugarama, karibu kilomita 35, na mwishoni umezidi mita 2,000 juu ya bahari. Alpe d'Huez, mlima unaotia wazimu Wafaransa, una kilomita 13.8, kona 21 na kama mita 1,100 za kupanda. Mont Ventoux kutoka Bédoin ni kilomita 21 na mita 1,600 hivi. Bugarama ni mpole kuliko wote wawili kwa mwinamo, ila ni mrefu kuliko wote wawili, na pale Ufaransa hakuna anayeshuka akiwa amebeba mikungu ya ndizi.

Wapanda baiskeli wa Bugarama wamejulikana duniani kwa picha: wanashuka na ndizi zimewafunika hadi mabega, wengine wakisaidia breki kwa soli ya kiatu, na wakirudi juu wanashikilia nyuma ya malori. Wengi wamekufa kwa mtindo huo. Sioni sababu ya kuwaita mashujaa, na kuwaita wendawazimu ni rahisi mno kwa mtu aliyeshiba. Lori humpandisha bure, na mpanda huyo hana gia.

Anayetaka mlima akiwa Rumonge ana wake. Njia ya Bururi inaliacha ziwa na kuanza kupanda karibu mara moja, ukipita kutoka michikichi hadi baridi ya nyanda za juu katika mchana mmoja. Kati ya zote nilizozitaja, kwa starehe ya macho, hiyo ndiyo ya kwanza kwangu.

Waliotangulia

Afrika Mashariki haijakaa pembeni. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi 1985 na kufundwa na David Kinjah kwenye vilima vya Kikuyu, ndiye mshindi wa kwanza wa Tour de France aliyezaliwa Afrika, akaichukua mara nne. Biniam Girmay wa Eritrea akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour, Julai 2024, akaongeza mbili na kurudi nyumbani na jezi ya kijani.

Kisha Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifika Afrika kwa mara ya kwanza, jirani kabisa, Kigali. Mbio za wanaume zilikuwa kilomita 267.5 zenye mita 5,475 za kupanda. Kutoka ufukwe wa Rumonge hadi kilele cha Heha, mlima mrefu kuliko yote Burundi, ni mita 1,900 hivi. Siku ile walipanda karibu Heha tatu. Tadej Pogačar alishinda, na wote waliomaliza walikuwa 30.

Burundi haijapata jina lake kwenye orodha hizo. Kwa miguu ni habari nyingine: Vénuste Niyongabo, mzaliwa wa Vugizo, milimani juu ya Nyanza-Lac, aliipa nchi dhahabu ya mita 5,000 Atlanta 1996, katika Olimpiki ya kwanza kabisa ya Burundi. Mapafu ya vilima hivi hayana mashaka. Kinachokosekana ni baiskeli na mashindano.

Mwisho wa kusini

Nyanza-Lac barabara kuu inaliacha ziwa, inapanda Mabanda kuelekea mpaka wa Mugina. Anayekwenda Kabonga habanduki ufukweni, anaendelea kusini hadi karibu kabisa na Tanzania. Ng'ambo ya mpaka ni Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji, ambako Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walikimbilia na meli ya Liemba ikawavusha kwenda Kigoma. Liemba hiyo ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, Waingereza wakaiopoa 1924. Kusini zaidi ni Gombe, ambako Jane Goodall alianza mwaka 1960 utafiti wa sokwe wa porini uliodumu kuliko mwingine wowote.

Kutoka Kabonga baiskeli haifiki huko kwa lami. Uipakie kwenye boti, au urudi Nyanza-Lac, upande Mabanda, uvuke Mugina, na kutoka Manyovu uteremke hadi Kigoma.