Saruji Isiyotoka Mbali

Mfuko wa saruji wa kilo 50 ukitoka Wazo, Dar es Salaam, husafiri zaidi ya kilomita 900 kabla haujashushwa Urambo. Fundi wa huko hununua saruji, na pamoja nayo hununua safari. Jambo hili si geni Unyamwezi: mwaka 1871 Mtemi Mirambo alipoifunga njia ya Ujiji, wafanyabiashara wa Tabora walionja uchungu wa kutegemea njia moja.

Saruji ya kawaida, ambayo Joseph Aspdin wa Leeds aliipatia hati mwaka 1824, siku hizi hupikwa kwa moto wa nyuzi 1450 hivi, na mawe ya chokaa yakipikwa hutoa hewa ya ukaa kwa wingi. Ndiyo maana wataalamu wanatafuta saruji ya namna nyingine. Mwaka 1957 Viktor Glukhovsky wa Kiev alionyesha kwamba mavi ya chuma yakisagwa na kukandwa kwa maji ya magadi makali hushikana yakawa jiwe. Katika miaka ya 1970 Joseph Davidovits wa Ufaransa akaendeleza kazi ya namna hiyo kwa udongo uliochomwa. Na mwaka 2014, huko Australia, uwanja wa ndege wa Wellcamp karibu na Toowoomba ulijengwa kwa mita za ujazo 40,000 hivi za zege ya jamii hii.

Waaustralia walikuwa na mavi ya chuma na majivu ya makaa ya mawe. Urambo haina viwanda vya kutoa vitu hivyo, ina udongo. Udongo wenye kaolini ukichomwa kwa nyuzi 600 hadi 800 hupoteza maji yaliyofungwa ndani yake, nao huwa tayari kushikana na magadi. Moto ukizidi sana, udongo hufa. Wala si kila udongo ufaao: ule mweusi wa mbugani, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, ni wa tabia nyingine kabisa.

Yako magadi ya Ziwa Natron, lakini hayo ni mapole. Hatuna budi kuyachemsha na chokaa ndipo yawe makali kama ya watengenezaji sabuni. Magadi makali hula ngozi na kupofusha macho. Twasema wazi: asiwekwe kibarua yeyote katika kazi hiyo pasipo glavu, miwani na maji tele karibu yake. Saruji rahisi inayonunuliwa kwa macho ya mfanyakazi ni ghali mno.

Tena kuna habari ya kuni. Mabani ya tumbaku na matanuri ya matofali yanakula miombo hata leo. Udongo wa saruji hii huhitaji moto mdogo kuliko saruji ya kawaida, lakini nao ni moto, na moto wa kuni Urambo si bure. Pumba za mpunga zijaribiwe kwanza.

Urambo yajua gharama ya haraka. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wa karanga Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Matrekta yalitangulia, upimaji wa udongo na mvua ukabaki nyuma. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa, mamilioni ya pauni yamekwisha kupotea. (Karanga zenyewe, wenyeji walikuwa wakizilima kwa jembe la mkono.)

Kwa hiyo hatuombi kiwanda. Twaomba udongo wa mashimo ya wafyatua matofali upelekwe maabara, ujulikane una kaolini kiasi gani. Kisha yatengenezwe matofali machache, na hesabu ya magadi, kuni na usafiri iandikwe kando ya bei ya mfuko wa saruji dukani. Matofali hayo yaachwe nje tangu mvua za Novemba hata Aprili, ndipo yavunjwe katika mashine ya kupimia nguvu. Mpaka siku hiyo, pasijengwe juu yake hata ukuta wa choo cha shule.